Mvulana na Mwiko

Maji yakijaa kwenye fukwe za kaskazini mwa Unguja, wavulana hupanda juu ya ngalawa zilizotia nanga na kujirusha mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyewapeleka chuo cha kuogelea. Walianza kwa kucheza maji ya magotini, wakavutwa na kaka zao hadi ya kifuani, wakanywa chumvi mara mbili tatu, wakazoea. Dada zao, waliozaliwa nyumba zile zile hatua chache kutoka baharini, wengi hufika utu uzima bila kujua hata kuelea. Hakuna sheria iliyowakataza. Waliitwa tu: njoo umshike mdogo wako, njoo ukoshe vyombo, mtoto wa kike hachezi maji na wanaume.

Jambo hilo lingeweza kupita kimya kama bahari isingekuwa shamba la wanawake. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na walio wengi kati ya wakulima wake ni wanawake. Joto la maji lilipopanda, mwani ukaanza kufa katika maji mafupi ya pwani, na watafiti kama Dkt. Flower Msuya wakahimiza upandwe kwenye kina kirefu zaidi, ambako maji ni baridi kidogo. Ni ushauri mzuri wa kitaalamu. Lakini anayetakiwa kuingia kina hicho ni mtu ambaye tangu utotoni alikuwa akiitwa atoke majini. Huko Muyuni, mradi wa Panje ukaanza kuwafundisha wasichana kuelea, kuogelea na kumwokoa anayezama, wakiwa wamevaa mavazi yanayowasitiri mwili mzima. Picha zao zilizopigwa na Anna Boyiazis zilipata tuzo katika mashindano ya World Press Photo ya mwaka 2018. Anayezitazama haoni miili dhaifu. Anaona watoto waliochelewa kupewa somo ambalo kaka zao walilipata bure.

Malezi hufanya kazi hivyo, kwa kuita. Yanamwita mmoja aje ndani, yanamwacha mwingine nje, na baada ya miaka kumi na tano watu hulitazama pengo lililojitokeza na kuliita maumbile.

Katika nyumba hizo hizo kuna somo la pili ambalo halijapigwa picha. Msichana hakufunzwa bahari. Mvulana hakufunzwa jiko. Kiswahili kina neno linalolibeba jambo hili zima: mwiko ni kile kijiti cha kusongea ugali, na mwiko ni jambo lisiloruhusiwa. Kwa wavulana wengi maana hizo mbili zimekuwa kitu kimoja. Tangu mkutano wa wanawake wa Beijing wa mwaka 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella, juhudi nyingi zimefanywa kumfungulia msichana mlango wa darasa, wa karakana na wa ofisi. Ni kazi ya heshima, na haijakwisha. Lakini mlango wa jikoni umeachwa ulivyokuwa. Binti ameongezewa kazi za kiume juu ya zile za kike alizokuwa nazo. Mvulana hakuongezewa kitu.

Ajabu ni kwamba lugha yenyewe haina haraka ya kuwatenga watoto. Mwalimu anaweza kusimulia habari za mwanafunzi wake tangu mwanzo hadi mwisho, alivyoamka, alivyochelewa, alivyoshinda mtihani, na msikilizaji asijue kama ni wa kike au wa kiume. Wasemaji ndio wasiovumilia. Swali la kwanza mlangoni mwa wodi ya wazazi ni "kajifungua nini?", na jibu lake huja na mipango kamili. Mkono wa kulia huitwa mkono wa kuume, na wa kushoto, katika Kiswahili cha zamani, ni mkono wa kike. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kitenzi ni kile kile, mmoja mtenda na mwingine mtendwa. Mwanamume akihamia nyumba ya mkewe, mtaa husema "kaolewa", na neno hilo limekusudiwa kumuumiza. Akionekana anaanua nguo kwenye kamba, husemwa kwamba kalishwa limbwata, kana kwamba mume hawezi kumsaidia mkewe mpaka atiliwe dawa kwenye chakula.

Watoto husikia yote. Watazame uani wakicheza mchezo wa baba na mama: msichana anapika mchanga katika kifuu cha nazi, mvulana anakwenda nyuma ya ukuta "kazini", anarudi baada ya dakika mbili na kuuliza chakula kiko wapi. Ana miaka minne. Ameshafuzu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtafiti wa Kimarekani Carol Ember alikwenda Oyugis, katika eneo la Nyanza Kusini nchini Kenya, akakaa miongoni mwa Wajaluo. Huko kazi za watoto ziligawanywa kama zilivyogawanywa karibu kila mahali Afrika Mashariki. Msichana apike, afagie, alee, ateke maji, atafute kuni. Mvulana achunge ng'ombe. Lakini Mungu hagawi watoto kwa kufuata mgawanyo huo. Katika nyumba nyingi hapakuwa na binti wa umri wa kuzibeba kazi zile. Mama mwenye shamba linalomsubiri na mtoto mgongoni hakuwa na nafasi ya kubishana na mila. Alimwita mvulana aliyekuwepo. Hivyo Ember akakuta jambo ambalo watafiti hulitafuta miaka mingi bila kulipata: wavulana wa eneo moja, kabila moja na umri unaokaribiana, baadhi yao wakifanya kazi za kike na wengine hawazifanyi, na sababu si tabia zao wala msimamo wa wazazi wao. Ni bahati ya uzazi tu.

Aliwatazama hata nje ya saa za kazi hizo, wakiwa na wenzao. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1973 yanastahili kusomwa na kila mzazi. Wavulana waliozoea kazi za ndani hawakuwa wagomvi na wababe kama wavulana wengine. Walikuwa wepesi zaidi wa kusaidia. Kwa ujumla tabia yao ilisimama katikati, baina ya wavulana wasiofanya kazi hizo na wasichana. Tena kilicholeta tofauti kubwa ni kazi za ndani ya nyumba. Kuteka maji na kuokota kuni hakukuwa na nguvu hiyo.

Kwa nini iwe za ndani? Aliyewahi kupikia watu anaweza kukisia. Kuni huzitafuta peke yako na maji huyabeba peke yako. Lakini anayewapikia wadogo zake lazima ajue nani hajala tangu asubuhi, nani ana homa, nani analia kwa njaa na nani kwa usingizi. Ng'ombe huswagwa kwa fimbo. Mtoto mchanga haswagwi. Akikulilia saa nzima, itabidi ubadilike wewe. Siku moja ya kazi hiyo haimgeuzi mtu. Miaka mitano ya kazi hiyo, kabla hata ndevu hazijaota, inamjengea mtu jicho la kuona haja ya mwenzake bila kuambiwa.

Watoto aliowachunguza Ember hawakuwa wengi, na eneo moja haliwezi kubeba hukumu ya dunia nzima. Hata hivyo, alichokikuta si kigeni kwa akina mama waliojaliwa wana wa kiume watupu. Karibu kila ukoo una kijana wa namna hiyo, kifungua mimba aliyekulia jikoni kwa sababu dada hakuzaliwa, au alizaliwa wa mwisho. Anajua kukuna nazi, anajua kumbembeleza mtoto. Jamaa wakimsifu husema "huyu ni kama binti". Hata sifa yake imeazimwa kwa wasichana, kwa kuwa ya kwake haijatungwa bado.

Wapo wanaosema mwanamume hakuumbwa kwa kazi hizi. Hao na watoke nje saa moja jioni. Dar es Salaam nzima, anayekaanga chipsi mayai mbele ya karai la mafuta ni kijana wa kiume. Anayegeuza mishikaki ni mwanamume. Nyama choma ya Nairobi imo mikononi mwa wanaume kuanzia kuchinja mpaka kukatakata mezani. Katika harusi za Mombasa na Unguja, pilau na biriani za masufuria makubwa mara nyingi hupikwa na wanaume, mafundi wa kazi hiyo wanaojua kupima viungo kwa jicho. Dobi ni mwanamume. Fundi cherehani aliyekaa barazani akipinda mapindo ya gauni ni mwanamume. Mikono ipo na ufundi upo. Lakini kazi hizo zikivuka kizingiti na kuingia nyumbani, ambako hazina malipo, ghafla huwa za wanawake, na yule mkaanga chipsi aliyelisha mtaa mzima hadi saa sita usiku hufika kwake na kusubiri kupakuliwa.

Historia ya kazi za ndani inaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Wakati wa ukoloni, katika nyumba za Wazungu za Tanganyika na Kenya, watumishi wengi walikuwa wanaume. Waliitwa maboi, jina la dharau ambalo mtu mzima mwenye watoto alilibeba mpaka anastaafu. Walipika, walipiga pasi, walitandika vitanda, waliosha nguo za ndani za watu wengine. Baadhi waliwalea watoto wa mabwana zao. Msomi Janet Bujra, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu watumishi wa ndani nchini Tanzania, alifuatilia jinsi ajira hiyo ilivyohama kutoka kwa wanaume kwenda kwa wanawake. Leo anayetajwa ni dada wa kazi, hausigeli, mara nyingi msichana mdogo aliyetolewa kijijini, na watu waliozaliwa juzi huapa kwamba kazi hii tangu Adamu ilikuwa ya kike. Kazi ile ile, nchi ile ile, vizazi viwili vitatu tu, na "maumbile" yamegeuka.

Na wale maboi walipokwenda likizo makwao? Mwanamume aliyekuwa akioka mikate na kunyoosha mashuka ya mgeni mwaka mzima alikaa kwenye kigoda chake akingoja kuletewa maji ya kunawa. Ufundi wake ulibaki mjini. Watoto wake wa kiume hawakuuona, kwa hiyo hawakuurithi.

Wazee hawakuwaachia watoto wajifunze kwa kubahatisha namna hii. Jamii nyingi za pwani na kusini mwa Tanzania zilikuwa na vyuo vyao. Wavulana waliingia kumbini wakatahiriwa na ngariba, wakakaa huko muda mrefu wakifundwa subira, adabu, siri na namna ya kuishi na mke. Wasichana waliwekwa ndani wakawa wali, wakafundwa na makungwi katika unyago. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 akiwa bibi kizee, alijulikana duniani kwa taarabu, lakini Zanzibar alijulikana pia kwa kupiga ngoma za unyago na kuwafunda wanawali. Si kila kilichofundishwa huko kinafaa kurudishwa. Vingine vilikuwa vya kumwonea mwanamke, vingine vilimwingiza binti katika mambo ya ndoa kabla ya wakati wake. Lakini kulikuwa na wazo moja zito: kwamba mtoto wa jinsia yoyote hawi mtu mzima mpaka akae chini afundwe.

Wazo hilo limepona upande mmoja tu. Jando limehamia hospitali. Mvulana hutahiriwa, mara nyingi akiwa bado mtoto, jeraha hufungwa na kazi huwa imekwisha. Hakuna mwenye akili timamu anayetamani kisu cha kumbini kirudi. Ila kisu kilipoondoka kiliondoka na mwalimu. Unyago, kwa upande wake, ulikwenda mjini ukavaa nguo mpya. Sasa ni kitchen party: ukumbi uliopambwa, sare za kitenge, kamati, michango inayodaiwa kwenye kundi la WhatsApp, kungwi wa kulipwa anayeshika maikrofoni. Bibi harusi hukabidhiwa sufuria, jiko la gesi, friji na maneno. Shangazi, mama wakubwa na majirani humweleza mume anapokelewaje, anapikiwaje, anavumiliwaje.

Jioni hiyo hiyo bwana harusi yuko na wenzake wakihesabu kreti za vinywaji. Hakuna mjomba aliyemketisha kumweleza mwanamke aliyejifungua jana anahitaji nini, wala nguo za mtoto hufuliwaje, wala nani ataamka saa tisa usiku mtoto akilia. Mmoja anaingia ndoani na masomo, mwingine anaingia na suti. Miaka miwili baadaye wazee wanaitwa kusuluhisha.

Vitabu vyetu vya zamani vilikuwa na uwiano zaidi kuliko kumbi zetu. Mwana Kupona binti Msham alimwandikia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858, na utendi huo unasomwa mpaka leo kama wasia wa mama kwa mwanamwali. Lakini Shaaban Robert, baba mwenye watoto wawili waliofiwa na mama yao, alitunga tenzi mbili, Utenzi wa Hati kwa bintiye na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Mtu anaweza kubishana na mengi yaliyomo. Asichoweza kukikana ni kwamba mzazi yule aliona ana watu wawili wa kuwafunda.

Anayedhani mgawanyo wa majukumu ni mmoja duniani kote hana haja ya kupanda ndege. Aende Tarime, mkoani Mara. Miongoni mwa Wakurya kuna ndoa iitwayo nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari ya ng'ombe na kumwoa mwanamke mwenye umri mdogo kuliko wake, ambaye watoto atakaowazaa na mwanamume mwingine huhesabiwa kuwa wa nyumba ile. Si uhusiano wa kimapenzi. Ni mpango wa urithi na matunzo, na una lawama zake, hasa pale anayeolewa ni msichana wa familia maskini. Lakini hapo sarufi yote ya kuoa na kuolewa inapinduka: mwanamke ndiye mtenda, ndiye mwenye mji, na jamii inayosifika kwa ukali wa mila za kiume inamtambua. Kutoka huko ashuke hadi milima ya Uluguru, Morogoro, ambako kwa desturi ukoo na ardhi vimefuata upande wa mama. Nchi moja, makabila mawili, majibu mawili.

Wachumi walilipima jambo hili kwa mpira. Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List waliwaomba watu warushe mpira wa tenisi ndani ya ndoo iliyo mbali kidogo, mara kumi. Kila mmoja alichagua: alipwe kwa kila mpira ulioingia, au ashindane na mtu asiyemwona na akimshinda alipwe mara tatu. Kwa Wamasai wa Tanzania, nusu ya wanaume walichagua kushindana. Wanawake walikuwa asilimia 26. Kisha wakaenda kwa Wakhasi wa kaskazini mashariki mwa India, ambako ukoo hufuata mama na mali hurithiwa na binti wa mwisho. Huko wanawake waliochagua kushindana walikuwa asilimia 54, wanaume 39. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Utafiti uliofuata mwaka 2013, nao wa India, ulitazama watoto: katika jamii inayofuata ukoo wa baba, wasichana wadogo walikuwa na ari ya kushindana kama wavulana, na pengo likajitokeza karibu na umri wa balehe. Katika jamii inayofuata ukoo wa mama halikujitokeza. Balehe ndiyo saa ambayo jamii nyingi humweka binti ndani na kumwambia yeye ni nani.

Gharama ya haya yote hulipwa na wote wawili. Kwa mwanamke inahesabika kwa saa. Utafiti wa taifa wa Kenya wa mwaka 2021 kuhusu matumizi ya muda ulionyesha kwamba wanawake hutumia karibu mara tano ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na za kulea zisizolipwa. Nchini Tanzania ilibidi shauri lifike Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif ya mwaka 1983, ndipo ikatamkwa wazi kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kabla ya hapo ilionekana ametimiza wajibu wake wa kawaida, basi.

Kwa mwanamume gharama imefichika zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtwika mume wajibu wa kumlisha, kumvisha na kumpa makazi mkewe, na mila ilikuwa imeshamtwika kabla ya sheria. Akikosa kazi hana cheo kingine ndani ya nyumba. Hajui kukaa na watoto, hajui kusaidia jikoni, hajui hata kulia, kwa maana tangu utotoni aliambiwa mwanamume halii. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kuwa duniani wanaume hufa kwa kujiua kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wanawake. Sababu za kifo cha namna hiyo ni nyingi na hakuna anayeweza kuzibebesha malezi peke yake. Lakini anayemfundisha mtoto kuficha maumivu asishangae yakifichika.

Halafu kuna mgane. Mkewe akifariki, mzee wa miaka sitini aliyeendesha ofisi au shamba kubwa hawezi kujichemshia chai. Kikao cha ukoo hukaa, na mara nyingi jibu huwa msichana, mjukuu au mtoto wa dada, aletwe amwangalie babu. Hivyo ujinga wa mwanamume mmoja unalipwa na masomo ya binti ambaye hakuwa amezaliwa mzee huyo alipofukuzwa jikoni mara ya kwanza.

Na waliomfukuza ni akina nani? Hapa ukweli usemwe kwa upole lakini usemwe. Mara nyingi ni mama na bibi. Wanamwondolea sahani mkononi kwa mapenzi, wanamwambia "wewe nenda kacheze, dada yako ataosha". Wanaogopa atachekwa. Wanaogopa mkwe ajaye atamtumikisha. Baba hasemi kitu, na ukimya wake ndiyo saini yake.

Wengine huleta dini, na dini iheshimiwe. Lakini waumini wasome mpaka mwisho. Waislamu wanaijua hadithi aliyoipokea Bukhari, ambamo Bi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Wakristo wanajua kwamba dengu zilizomfanya Esau auze haki ya mzaliwa wa kwanza zilipikwa na Yakobo, na kwamba katika Injili ya Yohana wanafunzi waliporudi kuvua walimkuta Yesu ufukweni, moto umeshawaka na samaki juu yake. Hakuna aliyepungua kwa hilo.

Mabadiliko mengine huanza kwa mvulana kufungua mdomo. Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, alieleza katika kumbukumbu za maisha yake kwamba alipelekwa shule baada ya kaka yake Nderitu kumuuliza mama yao kwa nini Wangari hasomi kama wao. Mama hakuona sababu ya kukataa. Mtoto huyo alikuja kupata shahada ya uzamivu mwaka 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati, na Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Swali la Nderitu halikuhitaji semina. Lilihitaji kaka aliyemwona dada yake.

Shule zimejaribu. Kenya, katika mtaala wa umilisi, iliwafundisha Sayansi Kimu wavulana na wasichana pamoja katika madarasa ya juu ya msingi, na wazazi wakapata kazi ya kuwasimamia wana wao wakipika. Tanzania iliweka somo la Stadi za Kazi kwa wote. Ni hatua njema, lakini kipindi cha dakika arobaini hakishindani na nyumba inayomwambia mtoto kinyume chake kila jioni.

Nafasi iko kwenye kalenda. Nchini Tanzania mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Hapo katikati kuna miezi mitatu na ushei. Msichana huimaliza akifua, akipika, au amepelekwa mjini kusaidia kwa shangazi. Mvulana huimaliza uwanjani na kwenye vibanda umiza akitazama sinema. Wazee wa zamani wangeuona muda huo kuwa jando lililoletwa na serikali: vijana wa rika moja, wako huru, umri ndio wenyewe, na hakuna anayewafunda.

Mwalimu wa muda huo awe baba, au mjomba, au babu, maana kazi inayofundishwa na mama peke yake mtoto huihesabu kuwa ya mama. Kijana aanze na sokoni, ajue fungu la nyanya ni bei gani na maharage mapya hutambuliwaje. Afue shati lake la shule, na la baba yake. Amwogeshe mdogo wake, ajue kupima joto la maji kwa kiwiko. Kisha baba mwenyewe ainjike maji jikoni, atie unga, amkabidhi kijana mwiko na kusogea pembeni. Jioni ya kwanza ugali utatoka na madonge. Dada yake atacheka, bibi atanung'unika kwamba mjukuu wake anateswa. Baba atakula, atanawa, na kesho yake jua likianza kushuka atasimama mlangoni mwa jiko na kumwita kijana aliyeko uwanjani: njoo.